Maneno Aliyoambiwa Ng'ombe

Asubuhi ya kwanza niliyoamka Malava nikiwa mke wa mtu, nilioga, nikajifunga leso mpya, nikatoka uani kumwamkia baba mkwe kama nilivyofunzwa kwetu. Mzee alikuwa anarudi kutoka kuwatazama kuku. Nikamwendea mkono wangu ukiwa umetangulia mbele, nikasema, "Shikamoo, baba." Alinitupia jicho mara moja tu, na si usoni, ni kwenye vidole vya miguu. Kisha akageuka akaingia kwenye miwa. Mzee mzima, na kofia yake kichwani, akajipenyeza kwenye miwa yenye umande mpaka nikawa sioni kitu ila majani yanatikisika.

Nikabaki pale na mkono wangu. Mimi ni mtoto wa Kisauni, na matusi nimeyasikia ya kila namna, lakini mtu kuikimbia salamu kwa miguu yake miwili sikuwa nimewahi kuona. Nikasema moyoni: vyema. Leo umeingia kwenye miwa. Kesho nitakuamkia tena, na kesho kutwa, mpaka uitikie.

Watu wakinisikia nikisimulia haya hunionea huruma, nami sipendi. Sikuwa wa kuonewa huruma. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza shule, nimeolewa na mwanamume niliyemtaka mwenyewe, na ulimi ninao. Mume wangu alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa, na ndiko tulikojuana. Jioni alikuwa akija kula mahamri kwa shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufa. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Tukafunga ndoa kanisani, tukapanda basi, tukaja kwao. Akapata kazi ya kuendesha trekta la kubeba miwa kupeleka kiwandani. Hii ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla ya zile mvua za El Niño. Habari za kwao alinipa mbili tu njiani: kwamba mvua ni nyingi na watu ni wazuri. Ya tatu hakuniambia, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonikaa kooni.

Mama mkwe alikuwa amefariki zamani. Kaka mkubwa wa mume wangu alifanya kazi Eldoret na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bomani siku nyingi tulikuwa mimi, mzee, na mke wa huyo kaka na watoto wake. Huyu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita Mombasa.

"Mombasa! Unaenda wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Unaenda wapi, umebeba nini, mbona leo umechelewa kuamka, jana mlikula nini, ile barua ya juzi ilitoka kwa nani. Kwetu mtu hahojiwi hivyo na mwenye adabu zake. Ukikutana na mtu njiani unamtakia heri, unapita. Nami nikawa namjibu kikwetu: "Nipo tu, dada." "Naenda hapo mbele." "Tumekula hivyo hivyo." Baada ya muda nikasikia kwamba huko posho mill, kwenye kusaga mahindi, wanawake wameambiwa bibi ya Mombasa ana siri nyingi sana. Kwake yeye, mtu anayekataa kusema anakwenda wapi anakwenda mahali pabaya. Kwangu mimi, mtu anayeuliza anatafuta la kwenda kusema. Tukawa tunatazamana kwa kona ya jicho, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kukosa malezi.

Tena kulikuwa na suala la chakula. Wiki ya kwanza tulikula kwake, maana jiko langu lilikuwa halijaezekwa. Aliniwekea obusuma, ndio ugali wao, na mboga ya mrenda, akasema, "Kula." Nikasema, "Ahsante dada, nimeshiba." Kwetu huo ni ufunguzi wa mazungumzo tu. Mwenyeji atasema, hebu onja japo tonge moja. Utasema, la, kweli nimeshiba. Atasema, utaniudhi. Ndipo utanawa, na mtakula kwa raha kwa sababu kila mtu ameonyesha ustaarabu wake. Basi nikasema nimeshiba, nikangoja. Dada akasema, "Haya," akaichukua sahani akawapa watoto. Nililala na njaa. Kesho yake nikasema tena, kwa ukaidi, nikidhani jana alisahau. Sahani ikaenda kwa watoto. Mimi nilikuwa nangoja kubembelezwa, yeye alikuwa anangoja mtu mzima aseme anachotaka, na katikati yetu watoto wakanenepa. Halafu akaanza kuwaambia watu kwamba naogopa nitawekewa sumu.

Hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni mzee.

Kila asubuhi niliamka kumwinda. Sitafuti neno laini, kwa sababu nilimwinda kweli. Nikisikia anakohoa nyuma ya ghala, natokea nyuma ya ghala. "Shikamoo, baba." Anageukia ukuta. Nikimwona anatoka njia kuu, namsubiri penye migomba. "Shikamoo, baba." Anarudi alikotoka. Siku moja nilimbana vizuri, nyuma yake ua na mbele yake mimi, akainama akaingia kwenye banda la kuku. Kuku wakapiga makelele, manyoya yakaruka. Nikasimama mlangoni mwa banda nikamwamkia, na nilipoona hajibu nikamwamkia tena, polepole, kwa matamshi mazuri. Kama alidhani mimi ni wa kuchoka, alikuwa hajui alichomwoza mwanawe.

Nilimwuliza mume wangu, "Baba ana nini na mimi?"

"Baba? Baba yuko sawa."

"Ananikimbia."

"Ndivyo alivyo. Utazoea tu."

Akafunga kamba za viatu, akaenda kwenye trekta lake. Kwake yeye hapakuwa na jambo la kuelezwa. Ungemwuliza kwa nini watu huvuta pumzi angekujibu vile vile.

Kisha ng'ombe akaanza kuambiwa maneno.

Alikuwa ng'ombe mmoja wa kahawia mwenye pembe iliyopinda. Jioni mzee alimleta malishoni akamfunga kwenye mti uliokuwa hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Mimi niko ndani napika, mlango wazi. Yeye yuko nje amenipa mgongo. Akishafunga kamba, anasema naye kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili cha kuokoteza.

"Wewe ng'ombe! Mbona unakulanga kidogo kidogo? Huku watu hawabembelezangi mtu. Ukiona chakula mbele yako, kula!"

Mwiko ulinianguka. Nilijua mara moja kwamba ng'ombe huyo ni mimi. Wala usidhani sikuelewa, maana mimi nimezaliwa ndani ya hayo. Kwetu mwanamke akitaka kukuchoma hakusemeshi wewe. Anamsemesha paka wake, anamsemesha ufagio, anamsemesha mtoto mchanga asiyejua kitu, na wewe uliye upande wa pili wa ukuta unaungua. Hivyo ndivyo vijembe. Shangazi yangu alikuwa bingwa wa mtaa mzima, aliweza kumliza mtu kwa kuzungumza na sufuria. Basi nikasema, kumbe! Mzee wa watu hawezi kuniitikia shikamoo, lakini vijembe anajua. Ananiita ng'ombe, na juu ya hivyo anazisimanga zile njaa zangu za wiki ya kwanza.

Nikarudisha kwa silaha ya kwetu. Ndani ya sanduku nilikuwa na leso moja ya rangi ya chungwa, jina lake kali mno. Sitaliandika hapa, lakini Kisauni ukiivaa leso ile mbele ya mtu, jioni wazee wanaitwa kusuluhisha. Niliifunga siku tatu mfululizo, maneno yakiwa yamekaa sawasawa mgongoni, nikawa napita mbele ya mzee nikienda na kurudi. Naye macho chini, kwenye udongo, kama kawaida yake. Angelisoma vipi jina la leso mtu asiyekubali hata kuutazama uso wangu? Nikamgeuzia dada. Nikasimama mbele ya mlango wake, nikamgeuzia mgongo, nikajifanya naanua nguo.

"Mombasa!" akaita. "Hiyo leso ni mzuri sana. Unaweza niazima niende nayo kanisa?"

Nikampa. Akaenda kanisani na matusi yangu kiunoni, akaimba kwaya nayo, akarudi akisema watu wote wameisifu. Nikakosa hata wa kugombana naye.

Mzee akaendelea. Jioni moja akamwambia ng'ombe, "Wewe ng'ombe, hiyo njia ya chini ya mto usipite, inateleza. Pita ya juu." Hilo la kuteleza nililiona kisingizio; nikasikia mtu ananikataza kupita kwenye shamba lake. Asubuhi nikachukua mtungi nikaipita njia ile ile ya chini, makusudi, kifua mbele. Miguu ikanitoka, nikateremka kwa makalio mpaka penye maji, na mtungi ukapasuka. Nikarudi nyumbani nimepaka tope mpaka nywele, na bado sikuona kwamba niliambiwa kweli. Niliona kwamba amenilaani.

Jioni nyingine akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imechoka, "Wewe ng'ombe, wacha kunifuata-fuata. Mimi ni mzee. Kwa miwa iko nyoka." Nikalia hiyo siku. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: bora aumwe na nyoka kuliko kunisalimia.

Mimba ilipoingia nikampa habari shangazi kupitia kwa mtu wa kwao mume wangu aliyekuwa akirudi bandarini. Kwetu mimba ya kwanza msichana huenda kuzalia kwao. Lakini nilimwagizia na jambo la pili: kwamba baba mkwe hajawahi kuniitikia salamu tangu nilipofika, na ananisema mbele ya ng'ombe. Nilijua nafanya nini. Shangazi hakuwa mtu wa kuletewa habari kama hiyo akakaa. Nilijua pia kwamba nikienda Mombasa kuzaa katika hali ile, sitarudi tena Malava, wala mtoto wangu hatapajua. Nilikuwa nampenda mume wangu. Lakini mwanamke hawezi kukaa miaka mahali ambapo salamu yake inakimbiwa, na hilo mpaka leo halijanibadilika.

Shangazi akafika na kikapu chake cha mahamri na uso wa kesi. Tukamkuta mzee uani. Nikajiandaa kumwona akiingia kwenye miwa. Badala yake, akavua kofia, akaja mbio, akaushika mkono wa shangazi kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu! Karibu sana! Umetoka mbali sana! Ketia hapa!"

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Akaagiza achinjwe ingokho, jogoo mkubwa, na akakaa na shangazi chini ya mwangaza wa jioni wakiulizana hali ya hewa ya Mombasa na bei ya sukari. Mimi nilipotoka jikoni na chai, akasimama akaondoka. Shangazi akaona. Akanitazama kunionyesha kwamba ameona.

Halafu trekta likaingia. Mume wangu akamwona shangazi amekaa uani, akaruka chini upande wa pili wa trekta, akapita nyuma ya nyumba akiwa ameinama, akaenda kwa dada. Hakutoka. Chakula alipelekewa huko huko.

"Huyu si ndiye aliyekula mahamri yangu miaka miwili?" shangazi akasema. "Akilamba na vidole? Leo ananikimbia?"

Jambo lile lilinikaa kichwani vibaya. Mume wangu alimpenda shangazi kuliko hata nilivyompenda mimi. Kila mwezi alikuwa akimtumia sukari. Mtu haruki kutoka kwenye trekta kwa kumchukia mtu anayemtumia sukari. Lakini nilikuwa nimeshikwa na hasira, na hasira haipendi kufikiri, basi nikaliacha.

Kabla jua halijazama mzee akamleta ng'ombe. Akafunga kamba, akatupa mgongo. "Wewe ng'ombe, leo umepata mgeni wako. Furahi. Lakini hiyo kamba usivute sana. Ikikatika, mimi nitaumia roho."

Shangazi aliweka kikombe chini kwa utulivu wa bingwa anayemtambua bingwa mwenziwe.

"Umesikia?" akaniambia. "Ng'ombe, na kamba juu yake. Amekwambia mbele yangu kwamba wewe umefungwa hapa. Funganya. Kesho asubuhi tunashika basi."

Nikafunganya. Nguo si nyingi, kazi ikaisha upesi. Ile leso ya rangi ya chungwa haikuwamo sandukuni, nikakumbuka iko kwa dada. Nikaenda kuichukua. Alikuwa jikoni kwake anageuza obusuma, jasho linamtoka. Nikasimama mlangoni.

"Dada, naomba ile leso yangu."

Akaacha kugeuza. "Unaenda wapi?"

Mwaka mzima nilikuwa nimelichukia swali hilo. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kulizunguka. Nikamjibu vile vile lilivyoulizwa.

"Naenda kwetu, na sirudi. Mzee ananichukia. Hajaniitikia salamu hata siku moja, na kila jioni ananitukana mbele ya ng'ombe."

Dada akaweka mwiko chini. Nilidhani atacheka, lakini alikasirika.

"Anakutukana namna gani?"

Nikamwambia yote. Kula kidogo kidogo. Njia ya chini. Nyoka. Kamba. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Wewe Mombasa, wewe una wazimu," akasema. "Mke wa mtoto wake, atakusalimia namna gani? Akushike mkono? Akuangalie macho? Huyo ni baba mkwe! Hata mimi hajawahi kunishika mkono tangu nije hapa, na nimezaa watoto wote hawa. Hiyo ndiyo heshima. Bwana yako saa hii amejificha kwa nyumba yangu hapo, anaogopa mama mkwe. Anamheshimu! Lakini mzee na shangazi yako ni basakwa, wazazi kwa wazazi, hao wanasalimiananga vizuri."

"Na ng'ombe?"

"Sasa mtu ambaye hawezi kuongea na wewe ataongea na nani? Mimi alikuwa anaambianga kuku. Lakini mimi alikuwa anaambia Kiluhya." Akakaa kwenye kigoda. "Wewe ulipokuja, mzee hakuwa anajua Kiswahili. Salamu tu na bei ya soko. Kila siku ananiuliza kupitia kwa mtoto, kuteleza wanasemanga aje, kubembeleza wanasemanga aje. Ile jioni ya njia ya mto, alikuwa amerudia hayo maneno kutwa mzima ndio asisahau."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya udongo. Nikamwona akilini mzee ambaye hakujua hata neno kuteleza, akitembea shambani akilirudia, ili mimi nisianguke. Nami nikaanguka kwa makusudi. Kwetu neno likipita pembeni yako limekuja kukuchoma. Huku limepita pembeni ili lisikuguse. Na mimi mwaka mzima nilikuwa nikimfukuza baba wa watu mpaka kwenye banda la kuku.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza, na hasira bado ninayo, sikatai.

"Nikuambie nini? Hiyo si kitu ya kuambia mtu mzima. Mimi nilifikiri unajua, unamfuata kwa kiburi tu. Na wewe mbona hukuuliza? Huku mtu akitaka kujua, anauliza."

Leso sikuichukua. Nilimwachia.

Nilirudi nikamwambia shangazi siendi. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepandwa na kichaa. Nikamweleza. Akasema nimerogwa, akasema wamenilisha kitu, akasema mapenzi yamenitoa akili. Nikasema, "Shangazi, ni wewe uliyenifundisha kwamba mwanamke hasukumwi. Basi leo hata wewe hunisukumi." Hatukusemezana tena mpaka asubuhi.

Asubuhi akatoka na kikapu chake mkononi, na mimi nyuma yake mikono mitupu. Mzee alikuwa penye mti anamfungua ng'ombe kumpeleka malishoni. Dada alikuwa kwenye mlango wake, hajifichi hata kidogo kwamba anasikiliza. Shangazi akaenda akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, mimi ni mtu mzima na wewe ni mtu mzima. Kama una neno na mtoto wangu, mwite umwambie yeye. Usimsemeshe mnyama."

Dada akashika kichwa. Mzee akavua kofia, na shangazi akaanza kutikisa kichwa kwa ushindi. Kisha mzee akamgeukia ng'ombe, na kunigeuzia mimi mgongo, kofia mkononi.

"Wewe ng'ombe," akasema. "Ulipokuja hapa ulikuwa mgeni. Mimi nilikuonyesha maji, nikakuonyesha njia, nikakuonyesha mahali pa kula. Mtu haonyeshangi ng'ombe ya kuuza mahali maji iko. Sasa nasikia wanasema mimi nimekufunga." Akaitoa kamba shingoni mwa ng'ombe, akaikunja, akaiweka chini. "Kamba nimetoa. Ukitaka kwenda, njia ndiyo ile. Sitakufuata na maneno. Lakini ukitaka kukaa, hii boma ni yako, na ndama yako atazaliwa hapa. Mimi nitafurahi sana. Nimemaliza."

Shangazi, bingwa wa mtaa mzima, aliweka kikapu chini. Nilimwona anatafuta mahali kijembe kilipo, anapekua yale maneno moja moja, na hakukiona.

Siku hizi wanangu na wenzao waliosoma hunicheka. Wananiambia mila ile ilikuwa ya kumnyamazisha mwanamke, kwamba mzee angenisemesha usoni kama mtu. Labda. Wao wanasemeshana usoni kutwa nzima, na sijaona bado aliyejifunza lugha ngeni uzeeni ili mke wa mwanawe asiteleze. Na wala mimi sikunyamazishwa. Kimya sikuwahi kukijua, si Kisauni wala Malava.

Kwa sababu asubuhi ile, mbele ya shangazi, mbele ya dada, na mume wangu akichungulia kupitia dirisha la nyumba ya watu, nilisogea mpaka karibu na mti, nikampa mzee mgongo kama alivyonipa wake. Ng'ombe alikuwa ameshajiona huru, ameingia kwenye bustani yangu.

"Wewe ng'ombe," nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Nimesikia yote. Mimi siendi popote, na mtoto atazaliwa hapa hapa. Kwenye miwa usiingie tena kwa ajili yangu. Lakini salamu yangu siiachi, ndivyo nilivyolelewa. Shikamoo."

Nikasikia mzee anakohoa nyuma yangu.

"Malahaba," akasema, na ng'ombe akaendelea kula sukuma wiki yangu.